Mami Anasindikizwa Ijumaa

Becky Wangechi wa Kamenu, mtaa wa Thika, alikuwa na uwezo wa kukuliza kwa kidole chako mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kupanga picha za kutelezesha, zile zinazowekwa Facebook au Instagram kwa mfululizo, ukaanza na ya kwanza na kuzisukuma moja baada ya nyingine hadi ya mwisho. Wateja wake wengi hawakuwa na jina la kitu hicho. Walipiga simu wakasema, "Becky, nataka zile za kusukuma," naye akajua.

Alianza na keki za watu wa mtaani. Baada ya keki zikaja nywele, na baada ya nywele vikaja viwanja vya kuuza, vingine vya Juja, vingine vya mahali pasipojulikana, ambavyo vyote vilionekana kupakana na nguzo moja ya stima. Kisha jirani yake akafiwa na mume, na Becky akampangia picha za marehemu bure kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpelekea. Watu walilia kutoka Kamenu hadi Witeithie. Tangu hapo keki zilipungua na vifo vikaongezeka. Sio kwamba watu wa Thika hufa zaidi ya wengine, ila wakifa hutaka kupendeza.

Naye kazi aliijua. Picha ya kwanza ni uso na jina, basi, ili kidole cha mpita njia kisimame. Zinazofuata ni za ujana, maana kila mtu hufurahi kugundua kwamba mzee wa kanisa aliwahi kuvaa suruali iliyopanuka chini kama kengele. Katikati huja kanisa, chama na shamba. Picha ya kuliza huja karibu na mwisho wala haiwekwi mapema, kwa kuwa watu wakishalia huondoka, na ratiba ya mazishi hawaioni. Mambo haya hakufundishwa na mtu. Aliyajua kwa kufuatilia ni wapi watu walikuwa wakichoka.

Alikuwa pia na msimamo mmoja ambao aliujivunia kupita kiasi: mfiwa haulizwi maswali. Mfiwa ana watu wa hema, watu wa viti, mtu wa ng'ombe, mchungaji na shemeji aliyelewa. Wewe wa picha huwezi kumpigia tena umuulize marehemu alipenda rangi gani. Alichosema kinatosha, na kilichobaki Becky alikijaza mwenyewe. Alikuwa amejaza hivyo kwa familia nyingi, na mara zote walimwambia, "Ni kama ulimjua." Sifa hiyo ilimwingia kichwani ikakaa huko.

Ndipo Gachau wa Ruiru akamtumia ujumbe wa sauti. Gachau alikuwa na duka la mabati na misumari, mwanamume mpole asiye na maneno mengi, na hata hayo machache aliyasema huku nyuma yake mtu akikata bati.

"Sasa Becky. Ni Gachau wa mabati. Nimepewa namba yako na Idah wa kanisa. Nataka zile picha za kusukuma, za Mami. Tunamsindikiza Ijumaa asubuhi. Sanduku tumeshanunua, na jina limeandikwa juu." Hapo bati lilikatwa kwa muda mrefu. "Hii nyumba itakuwa kimya sana. Sasa andika kitu kizuri, mimi sijui kuongea. Nakutumia picha zote, wewe chagua. Na password ya ukurasa wa duka. Weka tu."

Picha zikaingia moja juu ya nyingine. Karibu kila moja ilikuwa na bikizee mrefu aliyefunga kitambaa kichwani, na karibu naye msichana: mara mchanga, mara wa chekechea, mara amevaa yunifomu. Becky alimtazama bikizee kwa heshima. Uso ulikuwa mzuri, wa kusimamisha kidole chochote. Alitafuta jina, akaliona limeandikwa chini ya picha moja iliyopigwa kutoka kwenye albamu: Wanjiku.

Hapa ni lazima jambo moja lielezwe, ingawa mtu wa huko halihitaji. Kwa Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo huyo mtoto ni mama wa baba yake kwa jina, na baba humwita hivyo: Mami, au Maitu, na humsalimia kwa adabu hata akiwa bado anatambaa. Becky aliyajua haya tangu utotoni. Baba yake mwenyewe humwita Mami hadi leo, hata anapomgombeza. Lakini mtu akishaishi na matanga wiki nenda wiki rudi, akisikia sanduku husikia jeneza, na akisikia kusindikiza huona kaburi. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba Mami wa kusindikizwa Ijumaa alikuwa yule msichana, kwamba alikuwa akienda kuanza Gredi Ten katika shule ya bweni, na kwamba sanduku lilikuwa la chuma, la kutia sabuni, blanketi na vitabu.

Alifanya kazi safi. Alimkata msichana kwenye picha zote, kwa sababu marehemu hapaswi kugawana nafasi na mtu. Akazitoa rangi. Kwenye ya kwanza akaandika "Mami Wanjiku," na chini yake "Umemaliza mwendo." Ya kuliza ilikuwa ile ambayo bikizee ameinama akitabasamu kwa kitu kisichoonekana. Ya mwisho ilisema tunamsindikiza Ijumaa asubuhi. Akaziweka kwenye ukurasa wa duka, kati ya tangazo la mabati ya rangi na tangazo la misumari ya paa, kisha akaenda kuosha vyombo.

Kilichofuata hakikuhitaji muda mrefu. Wateja waliofika dukani Ruiru walimkuta Gachau akipima waya, wakamshika mkono kwa nguvu, wakamwambia ajikaze. Alijikaza bila kujua kwa nini. Huko Gatuanyaga, akina mama wa kanisa waliingia kwenye boma la Wanjiku wa Kinuthia wakiwa na sufuria, unga na wimbo, wakamkuta marehemu akiwapa mbuzi maganda ya viazi. Wimbo ulikatika. Mmoja wao alikasirika kidogo, kwa kuwa alikuwa amefunga duka lake ili aje. Walisali kwa sababu walikuwa wameshakusanyika, wakaondoka. Unga haukurudishwa.

Simu ya Gachau ilimkuta Becky akila.

"Becky. Mami ni msichana wangu."

"Ngai, Mungu wangu. Pole sana, baba. Ni msichana ndiye amefariki?"

Siku hiyo hakuna aliyekuwa akikata bati.

"Hakuna mtu amekufa. Msichana anaenda boarding. Yule umeweka ni mama yangu, na amenipigia sasa hivi akiniuliza kwa nini yeye ndiye wa mwisho kuambiwa."

Becky alisukuma sahani kando. Alijaribu kuomba msamaha, maneno yakawa yanakuja mawili mawili na kuishia hewani.

"Hebu sikiza," Gachau akasema, bado kwa ule upole wake, ambao sasa ulitisha kuliko matusi. "Mimi sina maneno. Hii kitu umefanyia mama, sio mimi. Utaenda Gatuanyaga umwone. Akisema imeisha, imeisha. Akikataa, nitaandika hapo kwa hiyo page ni nani alifanya hii kazi, jina na namba ya simu. Na usitoe hizo picha. Amesema hajaziona."

Becky alielewa vizuri maana yake. Ukurasa ambao zamani ulisomwa na mafundi tu, sasa ulikuwa ukisomwa na kila mtu kuanzia Ruiru hadi Gatuanyaga, na kila familia iliyowahi kumkabidhi marehemu wake ilikuwa humo. Nani angempelekea mama yake mtu asiyejua kutofautisha aliye hai na aliyekufa? Angerudi kwenye keki, na hata za keki watu wangeziangalia mara mbili. Alilala vibaya, na asubuhi akavaa sketi ndefu akaenda.

Bodaboda aliyempeleka, kijana aitwaye Nzioki, alimuuliza kama anaenda kwa ile matanga.

"Hakuna matanga," Becky akasema.

"Ni ukweli. Nilisikia alikufa, halafu nikasikia amekataa."

Vumbi liliwapokea mapema, likamsindikiza Becky hadi langoni, akaingia bomani akiwa na rangi ya barabara. Wanjiku wa Kinuthia alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni akihamisha unga wa rambirambi kutoka kwenye pakiti kwenda kwenye ndoo yenye kifuniko. Nyuma yake, sebuleni, lilionekana sanduku jeusi la chuma lenye maandishi meupe ya rangi ya mkono: WANJIKU GACHAU. Kando yake msichana, yule wa kwenye picha, aliyeitwa Kui kwa kifupi cha Wanjiku, alikuwa akikunja soksi. Alikuwa amekuja kuagana na nyanyake, na alimtazama Becky jinsi mtu anavyomtazama mwizi aliyekuja kurudisha kuku.

"Wewe ndio uliniua?" bikizee akauliza.

"Ni mimi, cucu," Becky akasema, akimwita nyanya kama wajukuu wanavyomwita. "Nimekuja kuomba msamaha. Nilikosea vibaya."

"Keti. Kui, mletee chai." Becky akaketi kizingitini, naye bikizee akafunika ndoo. "Hujakuja na hizo picha?"

Becky alikuwa ametunga maneno ya toba njia nzima, na sasa hayakuwa na pa kuingilia. Alitoa simu, akafungua ukurasa, akampa. Bikizee alivaa miwani. Akajaribu kusukuma ile picha ya kwanza, ikakataa, kwa maana kidole chake kilikuwa kimekomaa kwa jembe na kioo hakikukitambua. Akakilamba, akajaribu tena, picha ikaenda.

"Aaa," akasema. "Hii nguo haikuwa yangu. Niliomba."

Akasukuma nyingine.

"Hapa nilikuwa nimenenepa. Hiyo mwaka mahindi ilikubali."

Alikuwa hana hasira yoyote. Becky alianza kupumua. Kui alileta chai, akasimama nyuma ya kiti, naye pia akatazama, ingawa alijifanya anatafuta soksi ya pili.

"Na hizi maandishi ni za nani hapa chini?" bikizee akauliza.

"Ni watu, cucu. Wanaomboleza."

"Kui, nisomee."

Kui akasoma kwa sauti ya kusoma habari. Fulani amesema pumzika kwa amani. Fulani amesema mbingu imepata malaika. Mama Philip amesema, alikuwa mtu wa amani, hakuwahi kukosana na mtu, kijiji chote kitamkosa.

"Nani huyo amesema?"

"Mama Philip."

"Mama Philip hajanisalimia tangu ile maneno ya tangi la maji." Bikizee alimsogezea sikio. "Hebu soma tena."

Kui akasoma tena.

"Tena. Polepole."

Ilisomwa kwa mara ya tatu. Wanjiku wa Kinuthia alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kwamba Jumapili atakaa kwenye benchi ya Mama Philip, karibu kabisa, waimbe kwa kitabu kimoja.

"Mimi pia nimeambiwa pole," Kui akasema kwa mara ya kwanza akimwelekea Becky. "Mwalimu wangu wa zamani alipigia baba simu. Ameona Wanjiku, akafikiria ni mimi. Analia. Akauliza kama school fees itarudishwa."

Becky alitazama chai yake. Alipoinua macho, aliona bikizee amerudi nyuma kwenye picha, na sasa alikuwa akizitazama kwa namna nyingine, akiisogeza simu karibu na miwani, kisha mbali, kisha karibu. Alisimama kwenye ile ya kuliza.

"Hii ni siku Kui alibatizwa," akasema. "Nilikuwa nimembeba. Sasa hapa nimebeba nini?"

Becky akaona. Mikono ya bikizee ilikuwa imekunjwa kana kwamba ina kitu, na chini kabisa, pembeni, ulibaki mguu mdogo wenye kiatu cheupe. Hakuuona alipokuwa akikata.

"Na hii. Alikuwa amenishika bega, tunaenda kuchukua matokeo. Huu mkono ni wa nani? Na hii, alikuwa ananisuka." Kidole kilirudi kwenye ulimi, kikarudi kwenye simu. "Kui yuko wapi?"

"Nilimkata, cucu."

"Kwa nini?"

"Tunafanyaga hivyo. Ili mtu aonekane peke yake. Nilidhani umefariki."

Bikizee alivua miwani, akaiweka mapajani. Sura ile ya mzaha ilikuwa imeondoka.

"Sikiza, mwari wakwa, binti yangu. Kusema nimekufa si kitu. Nitakufa. Hata hawa mbuzi wanajua. Lakini huyu ni mimi. Alipewa jina langu ndio mimi nisiishe. Ukisema nimekufa na yeye yuko hapo kando yangu, mtu akiangalia ataona niko. Sasa wewe ukachukua makasi, ukamtoa kwa kila moja, moja moja, ukaniacha nimekumbatia hewa. Hapo ndio uliniua."

Aliyasema bila kupandisha sauti. Kui aliacha soksi. Becky aliona aibu, na haikuwa ile aliyokuja nayo kutoka Kamenu, ya kuogopa kukosa kazi. Hii ilikuwa aibu yenyewe. Kwa miaka aliyoifanya kazi hii alikuwa amewakata wajukuu wangapi, akina Wanjiku, akina Kinuthia, akina Gachau wadogo, kwa sababu waliziba bega la marehemu? Naye mwenyewe alikuwa Wangechi wa Wangechi, jina la nyanyake. Akalia, machozi ya kweli, na chai ikapoa.

Hakuna aliyembembeleza. Bikizee alimwacha alie hadi akamaliza, kisha akamuuliza kama zile picha nzima bado anazo.

"Ninazo zote."

"Basi zirudishe. Hapa hapa, nikiona."

Kiti kilikuwa kimoja, nacho bikizee alikisogeza ndani. Becky aliketi juu ya lile sanduku, bikizee upande mmoja na Kui upande mwingine, akafungua picha za mwanzo kama zilivyotumwa na Gachau. Rangi zikarudi. Mtoto akarudi mikononi. Mkono ukapata mwenyewe. Kui alikataa moja ambayo meno yake yalikuwa yametoka, nyanyake akaikubali, ikaingia. Safari hii Becky aliuliza kila kitu: hii ni lini, huyu ni nani, hapa mlikuwa mnacheka nini. Walijibizana mpaka mbuzi wakaanza kulia njaa, na mambo mengine bikizee na mjukuu waligundua kwamba kila mmoja aliyakumbuka kivyake.

"Sasa juu tuandike nini?" Becky akauliza. "Baba Kui alisema niandike kitu kizuri."

Bikizee hakufikiri sana. "Andika, Mami anasindikizwa Ijumaa."

"Cucu," Kui akasema, "si hiyo ndio ilileta shida?"

"Ndio hiyo. Wakiona picha wataelewa."

Becky akaiandika hivyo, akazitoa zile za kijivu, akaziweka hizi. Kisha akampigia Gachau, akampa bikizee simu. Kazi yake yote ilikuwa sasa imeshikwa na mkono wenye unga.

"Gachau. Huyu msichana amefika. Amekosea, amelia, ametengeneza. Imeisha, usiandike chochote." Akasikiliza. "Eee. Amemrudisha." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu asiyejua kuongea. "Usilie kwa duka, watu wataona. Na jambo lingine. Siku yangu ikifika, usitafute mtu mwingine. Itakuwa huyu. Picha ameshazijua, na vile watu watasema pia nimeshasikia."

Akarudisha simu. Becky alisimama, akalikung'uta sanduku pale alipokuwa ameketi, ingawa vumbi lililokuwa juu yake lilikuwa la sketi yake. Familia nyingi zilikuwa zimempa kazi hiyo, lakini hakuwa amewahi kupewa na mwenye kuzikwa mwenyewe, uso kwa uso, akiwa hai na akimtazama.

"Umesikia vile nimesema?" bikizee akauliza.

"Nimesikia, cucu."

"Siku hiyo Kui atakuwa mtu mzima. Pengine atakuwa na mtoto wake amembeba. Utamwambia akuje asimame hapa, karibu na mimi, umpige picha."

"Nitamwambia."

"Na usimkate."

"Sitamkata," Becky akasema, na Kui, ambaye bado hakuwa amemsamehe, akamwonyesha soksi zilizobaki ili amsaidie kukunja.